Plea ya muziki: uliza nyimbo zinaingiaje, saundi baadaye

Mtu akitaka kununua plea ya muziki utamsikia anauliza ina jibii ngapi, halafu saundi yake ikoje. Mi naona wanaanzia siko. Kitu cha kwanza kuuliza ni nyimbo zinaingiaje humo ndani na kadi ya memori inachomekwa wapi, basi.

Chukua iPod. Ilipotoka 2001 ilikuwa na 5GB na Apple wakatamba kwamba unatembea na nyimbo 1000 mfukoni, na kwa wakati ule kweli ilikuwa balaa, ila haina pa kuweka kadi na nyimbo lazima zipite iTunes, ile programu ya Apple ya kwenye kompyuta, yaani huwezi kwenda kwa yule jamaa wa kuingiza nyimbo pale stendi ukamwambia niwekee za Mzee Yusuf zote, akiziburuta tu kama anavyofanya kwenye flashi hazipigi. Na tangu 2022 hazitengenezwi tena, zilizopo ni yuzdi, na zile kubwa za zamani zina hadi diski inayozunguka, sasa we ipeleke kwenye bodaboda ya rafu rodi uone. Ile iPod Shuffle ya bila skrini ndo kabisaa, ukitafuta wimbo mmoja wa taarab wa dakika kumi na tano unabonyeza mpaka ufike unakokwenda.

Kwa hiyo vile vidude vya kadi, kama Sansa Clip+ ya SanDisk au hata vya bei chee visivyo na jina, kwangu vinashinda. Unachomeka, unaburuta mafaili, umemaliza. MP3 ya 128 (yaani kbps 128) inakula kama MB 1 kwa dakika, so kadi ya 32GB inabeba nyimbo kama elfu nane za dakika nne nne, we utazisikiliza lini zote? Kwanza ukizidi hapo, kadi za 64GB kwenda juu zinakuja na fomati (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) ya exFAT ambayo plea nyingi za bei rahisi haziisomi, inabidi ufomati upya FAT32. Halafu kuna kadi feki, imeandikwa 128GB kumbe ndani haifiki hata robo, nyimbo unaziona kwenye listi ila zikifika katikati zinakatakata au hazifunguki kabisa. Ijaze yote kwenye kompyuta na ujaribu za mwishomwisho kabla hujaiamini.

Plea za bei mbaya za kupiga FLAC, yaani mafaili makubwa ambayo saundi yake haijapunguzwa, sizipingi, ukiwa umetulia nyumbani na hedifoni ya maana utafurahi. Ila kwenye daladala konda anagonga bati, FLAC ya nini bana? Na kuna wanaobadilisha MP3 kuwa FLAC wakidhani saundi itapanda, haipandi, faili linanenepa tu.

Simu janja je? Ina kila kitu sawa, ila ukistrimu bando linakwenda, na chaji ikiisha umekosa muziki na M-Pesa kwa pamoja. Kwa bi mkubwa nyumbani mi ningemchukulia kiswaswadu, yaani simu ya batani, chenye kadi na redio, chaji inakaa siku kadhaa, spika inasikika mpaka jikoni. Ila kama anapenda mawaidha ya saa nzima, jaribuni dukani kabla ya kulipa: zimeni katikati, muwashe tena, muone inaendelea pale pale au inaanza upya.