Kuua virusi bila kuua dawa, kisa cha fakta 8

Fakta 8 ni protini ya kugandisha damu, inatolewa kwenye plazma (yale maji ya damu) ya wachangiaji damu na kupewa wagonjwa wa hemofilia, yani watu ambao damu yao haigandi vizuri, na virusi vya mchangiaji vinaweza kuingia nayo. Ukimuangalia nesi anavyoichanganya utaona kitu, anaingiza maji kwenye kichupa cha unga mweupe halafu anakizungusha taratibu mkononi, hatikisi kabisa, sababu povu likijaa ujue kuna protini ishaharibika humo. Sasa kama kutikisa tu kunaidhuru, je kuichoma nyuzi joto 80 kwa masaa 72 ili kuua virusi?

Na ndicho walichofanya Uingereza kwenye dawa yao ya 8Y kuanzia 1985. Waliosita kutumia joto miaka ile walikua na hoja kweli, fakta 8 ikipata moto inafumuka umbo lake na ikishafumuka haigandishi damu tena, kwahiyo plazma ileile inatoa dozi chache na mtu anabaki anavujia damu ndani ya goti.

Lakini virusi navyo viliua. Uingereza peke yake watu kama 1,250 wenye magonjwa ya kutokwa damu waliambukizwa VVU kupitia dawa hizi, 380 kati yao watoto. Mbele ya hao watoto mimi siwezi kulilia dozi zilizopungua, hasara ya protini naikubali.

Ninachokikataa ni protini inayobaki ikiwa imegeuka. Miaka ya 90 Uholanzi na Ubelgiji kuna fakta 8 zilizopashwa joto kuua virusi, wagonjwa waliozoea fakta 8 miaka na miaka miili yao ikaanza kuikataa, yani virusi hamna na dawa nayo haishiki.

Alafu sio kila protini inaonewa na moto. Albumini, protini nyingine ya plazma, inakaa nyuzi 60 masaa 10 ikiwa kwenye maji na inatoka salama, kwasababu wanaitia kaprilati, chumvi ya asidi ya mafuta inayoishikilia isifumuke. Kwa fakta 8 New York walikuja na njia ya kemikali za aina ya sabuni, zinavua virusi koti lake la mafuta na protini inabaki vilevile, nzuri sana kwa VVU na hepatitisi B na C, ila hepatitisi A haina hilo koti inapita tu. Ndo maana viwanda vinaunganisha njia mbili, na hapo kwenye kuunganisha ndo pa kuwa makini, kati ya zile zilizokataliwa na miili kuna ya Ubelgiji iliyopita sabuni na joto pia. Tatizo lilionekana kwenye damu za wagonjwa, kwahiyo kiwanda kikibadili hata hatua moja tu wagonjwa wapimwe kama miili yao inaikataa, kipimo cha kichupa peke yake hakitoshi.