Roboti ikizimika katikati ya mechi, tusimtume mtoto akatafute ushahidi

Ilikuwa kama sekunde ya 40 hivi roboti yetu ikasimama. Haijagongwa, haijapinduka, imesimama tu katikati ya uwanja kama daladala iliyokata mafuta, na ile taa ya rangi ya chungwa ambayo roboti ikiwa kazini inapepesa, sasa ikawa inawaka moja kwa moja bila kupepesa, yaani umeme upo ila haipokei amri. Binti wa miaka 16 aliyekuwa kwenye usukani anaangalia kompyuta, alama ya mawasiliano nyekundu. Akabonyeza, akabonyeza tena, wapi.

Mimi nasaidia timu ya sekondari hapa Marekani kwenye mashindano ya FIRST Robotics Competition, na kwa asiyeyajua ni hivi: timu tatu dhidi ya timu tatu, mechi moja kwa miaka mingi ilikuwa dakika 2 na sekunde 30, zile sekunde 15 za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe kwa programu, zilizobaki vijana wanaiendesha. Sasa redio ya roboti, kile kifaa kinachoiunganisha na mtandao wa uwanja, ikizima hata mara moja tu, mpaka iwake upya na kushika mtandao wa uwanja, mechi imeshaondoka. Wiki na wiki za kujenga usiku, na wazazi kuleta chakula karakana, zote zinaishia kwenye waya mmoja.

Baada ya mechi kuna sehemu imechorwa chini pembeni ya uwanja, ukiwa na swali unasimama hapo, na refa mkuu anaongea na mwanafunzi tu, mtu mzima kama mimi nabaki nyuma ya kamba nimefunga mdomo. Hilo naliunga mkono kabisa, mashindano ni ya watoto. Shida yangu ni kinachofuata. Sheria inasema kama hitilafu ni ya uwanja, mfano umeme umekatika au mfumo wao umekosea au kifaa cha uwanja kimevunjika, na refa mkuu akaona imebadilisha matokeo, mechi inarudiwa. Kama hitilafu ni ya roboti yako, pole, imetoka hiyo. Sasa yule binti anatetemeka, anaulizwa una uhakika ni uwanja? Atajuaje? Kumbukumbu za mtandao wa uwanja, yaani rekodi zinazojiandika za roboti ipi ilipoteza mawasiliano na lini, anaziona fundi wao, yeye ana kompyuta yake tu inayoonyesha volti za betri na jinsi mawasiliano yalivyokatika, haionyeshi kwa nini.

Na niseme ukweli, siku ile kosa lilikuwa letu. Mimi niliapa ni uwanja, nililalamika mpaka jioni, ila tulipokuja kufungua roboti mezani plagi ya umeme wa redio ilikuwa imelegea, ukiitikisa inakata. Mara nyingi ni hivyo: plagi, nyaya za betri hazijakazwa, au betri imechoka, motor zote zikivuta kwa pamoja volti zinashuka chini ya 7 na mfumo unaanza kuzima motor kujilinda. Kwa hiyo simlaumu refa anayesita. Nachosema ni kwamba angetuonyesha tu kumbukumbu palepale, kwamba jamani angalieni, roboti nyingine tano hazikupoteza mawasiliano hata sekunde, ya kwenu tu ndo imekatika ghafla, tungeelewa kwa dakika tatu na yule binti asingelala akijiuliza kama kaonewa.

Maana kuonewa kupo kweli. Mwaka 2012 kwenye fainali za dunia kule St. Louis, kwenye uwanja wa mwisho kabisa unaoitwa Einstein, roboti zilikuwa zinazima moja baada ya nyingine mbele ya maelfu ya watu, na hizo ndo timu 12 bora zilizobaki, sio watu wasiojua kukaza nati. Mechi zikaendelea, bingwa akapatikana, watu wakaenda nyumbani na donge kooni. FIRST, ndo waandaaji wenyewe, wakachunguza, wakaziita zile timu zirudi na roboti zao zipimwe, na ripoti ilipotoka Julai mwaka huohuo ikasema kuna mtu alikuwa anajaribu kuunganisha simu yake na mitandao ya roboti na kuzivuruga. Simu tu! Ila ripoti hiyohiyo ikasema baadhi ya roboti zilizima kwa kasoro zake zenyewe. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa amesimama pale siku ile angeweza kuvitenganisha kwa macho.

Ndo maana hoja ya wanaosema timu zikionyeshwa kumbukumbu "wataomba marudio kila mechi" hainiingii. Marudio yenyewe yanaumiza, nani anayapenda? Tumeshawahi kushinda mechi safi kabisa kwenye mtoano, vijana wamekumbatiana, halafu tunaambiwa upande wa pili walikatiwa mawasiliano na uwanja, irudiwe. Tukarudia na betri ambayo haijajaa vizuri, mkono wa roboti umeshapinda kidogo, tukafungwa. Walilia. Na bado nasema marudio yale yalikuwa haki, kwa sababu ule ushindi wa kwanza tulicheza na watu wawili na nusu, sio watatu. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyetueleza kilichotokea, tuliambiwa tu rudini uwanjani.

Kuna sheria kwamba refa haangalii video ya mechi, na hilo nalielewa, ukiruhusu video kila mzazi mwenye simu atakuwa refa, na ratiba yenyewe imejaa mechi kuanzia asubuhi. Kumbukumbu za mfumo ni kitu kingine. Zinajiandika zenyewe, hazina timu zinayoishangilia, ziko tayari mechi inapoisha. Zifunguliwe kwa pande zote mbili kabla ya uamuzi, mwanafunzi mmoja kila upande na fundi wa uwanja, baada ya hapo refa aamue na tukubali. Na kwa mashindano ambayo nchi inatuma timu moja tu, kama FIRST Global iliyoanza Washington mwaka 2017, ambako vijana wa Kenya na Tanzania nao wamecheza, hili lina uzito zaidi, mtoto aliyehangaikia viza na nauli kuvuka bahari ana mechi za kuhesabika, akipoteza moja bila maelezo hana wikiendi nyingine ya kufidia.

Plagi ya redio yetu siku hizi tunaigandisha kwa gundi ya moto, halafu tunaivuta kwa mkono kuhakikisha. Yule binti ndo anayeikagua kabla ya kila mechi, hamwachii mtu mwingine.