Kisiki Hakimo Kwenye Bajeti

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika maandiko ya miradi kwa ajili ya mashirika yasiyo ya kiserikali hapa Dodoma, na karibu kila fomu ya mfadhili ina kisanduku kinachouliza ni kitu gani kipya tunacholeta. Nimekwisha kukijaza kwa programu za simu na, mara moja, kwa kitalu cha miche iliyokauka kabla ripoti ya pili haijaandikwa.

Ndiyo maana naiheshimu Kisiki Hai, kazi ya kukuza miti upya kutoka kwenye visiki ambayo shirika la LEAD Foundation la hapa Dodoma, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likiieneza vijijini tangu mwaka 2018. Hakuna mche unaonunuliwa. Mkulima hutafuta kisiki chenye uhai, huchagua machipukizi machache yaliyonyooka, hukata mengine, hupogoa matawi ya chini, kisha hufunga kitambaa ili mchunga mbuzi ajue kwamba hapo pana mwenyewe. Nilimtazama mama mmoja wilayani Chamwino akifanya hivyo kwa panga na pindo la kanga kuukuu. Hakumaliza hata dakika kumi. Kwa kuwa mizizi imekwisha kuzama, chipukizi hustahimili kiangazi chetu kirefu ambacho huua mche wa kitalu.

Wazo lenyewe si jipya, kwani Tony Rinaudo, Mwaustralia, alilifanyia kazi nchini Niger tangu miaka ya 1980. Mkoani kwetu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanza mwaka 1973, ulishika njia nyingine: mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka, na uoto ukarudi, lakini kwa amri, huku wafugaji wakibeba gharama. Kwangu mimi, ubunifu wa kijamii umo katika tofauti hiyo ya nani anashika panga na mti ni wa nani.

Kitambaa, hata hivyo, hakimzuii mbuzi. Mavuno yakiisha mifugo huingia mashambani, na bila mkutano wa kijiji kukubaliana juu ya malisho, kazi ya mwaka huliwa kwa siku moja. Mikutano hiyo ni mirefu, haipendezi pichani, na mashirika mengi huikwepa.

Safari hii niliandika kisandukuni kwamba hatutanunua mche hata mmoja. Fomu ilirudi ikiwa na swali la mhasibu wa mfadhili: je, fungu la miche limesahauliwa?