Kodrai ya Posa

Mtu wa Lamu ukimtajia baridi, anachofikiria ni kusi. Mwezi wa saba bahari inachafuka, manahodha wanaanza visingizio vya kutokwenda Kiwayu, wazee wa Mkunguni wanatoka na shali shingoni, na bibi yangu anafunga madirisha baada ya Alasiri akisema mwaka huu hatutoboi. Kipimajoto wakati huo kinasoma nyuzi 27. Kwa hivyo mtoto wa Ami alipotuma habari kwamba amepata mchumba Limuru, na kwamba wenyewe wanataka posa Julai hiyo hiyo, nyumba nzima haikuwa na nguo ya safari. Limuru ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Majani ya chai yanaipenda sana hali hiyo. Sisi hatujawahi kuulizwa.

Ami akagawa majukumu. Yeye na mzee mwenzake wavae kanzu na joho, na ndani ya kanzu kila mtu ajipange na Mola wake. Mimi nilisoma bara, kwa hivyo nivae suruali.

"Baba wa binti ni mkulima," akasema. "Ana chai, ana ng'ombe wa maziwa. Mmoja wetu avae nguo za watu wa shamba, tusionekane tumekuja kuswalisha."

Nguo za watu wa shamba kule kwenye baridi, nani atatufundisha? Akatafutwa binamu yetu aliye Uingereza, mtu ambaye ukimuuliza saa ngapi anakueleza historia ya saa. Akanitumia sauti kwenye WhatsApp, ndefu, moja baada ya nyingine, na nyuma yake unasikia mkewe akimwambia aache mtu wa watu alale.

Lakini haki yake nimpe, alichosema kilikuwa na maana. Alisema watu wa mashambani kule, siku ya heshima isiyo ya suti, huvaa kodrai, kile kitambaa cha pamba chenye matuta, au moleskini, au suruali ya sufu. Kodrai hainunuliwi kwa macho, unahesabu matuta yaliyo ndani ya inchi moja. Matuta 8 ni kodrai nene, ya baridi kali na ya buti. Matuta 11 hivi ni ya kila siku. Yakifika 16 ni laini, unaingia nayo hata ofisini. Moleskini ni pamba iliyofumwa kwa kubanwa kisha ikanyolewa usoni, upepo haupati pa kupita. Rangi zitoke ardhini: haradali, kutu, tumbaku, kijani cha chupa. Nyeusi asiione. Kiuno kikae kiunoni, si chini ya kitovu kama vijana wa siku hizi, na paja liwe na nafasi. Pasi ipite suruali ikiwa imegeuzwa ndani nje, la sivyo matuta yanalala na hayaamki tena.

Kisha akaja kwenye kupatanisha, hapo ndipo sauti zilipozidi urefu. Suruali ikiwa na matuta, shati liwe na miraba midogo ya mistari myembamba, sweta liwe la rangi moja, viatu vya ngozi ya kahawia, soksi za sufu. Koti likiwa la tweed, kile kitambaa kizito cha sufu, lenye miraba mikubwa, shati linyamaze. Kodrai juu na kodrai chini, marufuku.

Shati lilipatikana mtumbani Malindi bila shida, miraba ya kijani na kahawia juu ya malai. Suruali ndiyo ilikuwa kazi. Kodrai tulizozipata kwenye mafungu zilikuwa za kike, isipokuwa moja ya kiume ambayo kiuno chake kilikuwa inchi 44. Ami aliitazama ile kwenye picha akasema tungeweza kuingia wawili tukaokoa nauli.

Shangazi ndiye aliyetuokoa. Alikuwa Mombasa, akapita Biashara Street akanunua kitambaa. Kodrai ya haradali, matuta 8 kwa inchi, niliyahesabu mwenyewe kwa rula ya shule. Mwenye duka alimwambia ni ya kuvalisha makochi. Shangazi akaona kilichostahimili wageni wa kochini kitastahimili posa.

Nikaipeleka kwa fundi, Usita wa Mui. Fundi huyu kwenye kanzu hana mpinzani, darizi zake za shingo watu huzifuata kutoka Pate. Alikipokea kitambaa, akakitandaza mezani, akachora vipande vya mguu wa kulia viuno juu, na vya mguu wa kushoto viuno chini, vikaingiana barabara hata pembeni pakabaki kipande kizima.

"Waona?" akaniambia, akikipiga kofi kile kipande. "Umepata na kofia."

Sasa kodrai, kwa asiyeijua, ina vinyweleo, na vinyweleo vyake vyote vimelala upande mmoja. Ukishusha mkono unateleza, ukiupandisha unakwama, kama mtu anayempapasa paka kinyumenyume. Mwanga nao hutenda hivyo hivyo. Vinyweleo vikitazama chini, kitambaa kinang'aa na kupauka, vikitazama juu, rangi inakoza. Ndiyo sababu mafundi wa kodrai hukata vipande vyote vikielekea upande mmoja, hata kitambaa kiende kingi. Poplini ya kanzu haina haya mambo. Poplini unaweza kuikata ukiwa umesimama kwa kichwa.

Suruali ilikuwa "kesho" mpaka usiku wa kuamkia safari. Nikaichukua baada ya Isha, nikaijaribu dukani chini ya taa iliyokuwa ikipumua kwa stima hafifu. Kiuno kimekaa, paja lina nafasi. Nikalipa, nikamwombea fundi heri.

Asubuhi nikatoka pwani nimekamilika. Shati la miraba, sweta la kijani mabegani, viatu vya kahawia, kodrai. Begi langu lilikuwa limejaa halua na mikate ya mofa ya Ami, kwa hivyo nguo zote za Limuru zilisafiri mwilini mwangu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda upande wa Manda, linapiga moja kwa moja. Mtoto mmoja alikuwa anaswaga punda wenye magunia ya mchanga. Akasimama. Punda nao wakasimama.

"Wee!" akapiga kelele. "Mguu mmoya umeiva, mmoya mbiti!"

Nikainama kutazama. Mguu wa kulia ulikuwa haradali inayong'aa. Wa kushoto ulikuwa kahawia, kahawia kabisa, wa mtu mwingine. Nikageuka nikaipa bahari mgongo, ikabadilishana: wa kulia ukakoza, wa kushoto ukapauka.

Wazee wa barazani wakaniita nisogee. Wakaanza na shati. Mimi kwa ujinga wa kujua vitu nikawaeleza alivyonieleza binamu, kwamba miraba ile ilitoka kwenye mablanketi ya farasi, huko London, kwenye mnada wa farasi wa Tattersall ulioanza mwaka 1766.

"Kwa hivyo umevaa shuka la farasi," mmoja akasema.

"Sisi hatuna farasi," mwenzake akamkumbusha. "Tuna punda."

Wote wakageuka wakamtazama punda aliye karibu, kwa macho ya kumpima. Walipofika kwenye suruali, sitasimulia. Mmoja alitaka tu kujua kama kitambaa kiliisha au fundi alikufa katikati.

Nikampigia fundi. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza kwani mimi nasimama juani kutafuta nini. Nikamwambia naenda kwa watu, siwezi kuzunguka gizani.

"Basi simama upande," akasema. "Mtu aone mguu mmoja kwa wakati mmoja."

Chombo cha Mokowe kilikuwa kinapakia. Nikashuka ngazi za gati, na hapo ndipo nilipougundua mkosi wa pili, ambao binamu kwa sauti zake zote hakuutaja. Kodrai nene inapiga kelele. Matuta ya paja hili yakisuguana na matuta ya paja lile, vwip, vwip, vwip. Ami alikuwa ameanza dua ya safari, mikono juu, chombo kizima kimenyamaza, na mimi natafuta pa kukaa.

"Wewe," akasema bila kufungua macho. "Inyamazishe hiyo suruali."

Njia ya kuinyamazisha ni moja: kutanua miguu. Nikaanza kutembea nimeipanua, naitupa mbele mmoja mmoja. Basi likatuchukua Mokowe, Witu, Garsen, jua linawaka, kitambaa cha makochi kinafanya kazi yake. Tulipofika Malindi nilikuwa nimeiva miguu yote miwili. Ya Mombasa na ya usiku hadi Nairobi tuyaache, isipokuwa niseme kwamba kabla ya Nairobi baridi ilianza kupanda kutoka sakafuni, na wazee wangu wawili waliokuwa wakinicheka wakaanza kusogea karibu na magoti yangu.

Limuru tulifika kwenye ukungu. Chai imetanda kila upande, majani yanadondoka maji, na getini amesimama mzee wa makamo ya Ami. Nilimtazama nikatamani kumpigia binamu simu. Kodrai ya rangi ya tumbaku iliyochakaa magotini, matuta yameisha pale anapopigia goti akikamua. Shati la miraba midogo. Sweta la sufu la kijani iliyokolea, halina hata ua. Juu yake koti la tweed lenye viraka vya ngozi viwikoni, kofia ya pama, na chini gambuti zenye samadi mbichi. Kila somo nililotumiwa kutoka Uingereza lilikuwa limesimama pale, na mzee yule sidhani kama amewahi kusikiliza sauti ya mtu akimfundisha kuvaa. Alikuwa anasikia baridi, basi.

Tukasalimiana. Ami mbele, mwenzake nyuma, mimi mwisho, natupa mguu mmoja, natupa wa pili, nisije nikapiga vwip mbele ya wakwe. Nikakumbuka na nasaha ya fundi, nikawa nakwenda upande upande. Mzee akanitazama miguu. Akamtazama mkewe. Uso wake ukalainika.

"Huyu kijana asisimame," akasema. "Leteni kiti chenye mto. Mwekeni hapa karibu na jiko."

Nikawekwa. Makaa yanawaka, nikapewa chai ya kwanza, maziwa yamejaa. Ami na joho lake wako mlangoni wanapigwa na upepo. Nikaona bara kuna ukarimu.

Mzee akaniinamia, sauti ya chini. "Pole sana. Ilikuwa ajali?"

"Ajali gani, baba?"

Akanigusa goti la mguu uliopauka, polepole, kwa adabu. "Usione haya. Siku hizi wanatengeneza vizuri. Naona hata suruali wamekushonea mguu wake."

Nikafungua mdomo. Ami akanitangulia. Ami yangu ni mtu wa ibada, uongo hasemi, lakini ukweli naye hutoa kwa kipimo.

"Kijana anajikaza," akasema. "Kutoka Lamu mpaka hapa hakulalamika."

"Na nyinyi mnamtunza."

"Ni wetu. Tutamtupa?"

Mzee akakaa kimya, akizungusha kikombe mkononi. Kisha akasema maneno ambayo tangu hapo sijapata pa kuyapenya: "Nyumba inayomtunza mtu kama huyu, binti yangu nitaogopa nini kumpeleka?"

Posa ikapokewa kabla halua haijafunguliwa. Ndani wakapiga vigelegele. Mimi kando ya jiko, nikiwa mtu mwenye mguu mmoja.

Tatizo la kilema cha ghafla ni kukumbuka upande. Nilitoka kwenda msalani, uwanja tope tupu, nikawa nachechemea kulia kwa uangalifu. Kurudi, ukungu umeachia, jua limetoka upande mwingine, mguu uliopauka sasa ni wa kushoto. Nikachanganyikiwa, nikachechemea kushoto.

"Guka," akasema mjukuu mmoja wa pale, mtoto mwenye macho, "mguu wake umehama."

Nyanya yake akamfinya akamtoa nje. Nikaketi haraka, vwip, nikajifanya nakohoa.

Wakati wa kuondoka mzee aliniletea fimbo aliyoichonga mwenyewe, nzito, kichwa chake kimesuguliwa kikang'aa. Akanishika bega akasema nisikate tamaa. Ningefanya nini? Nikaipokea kwa mikono miwili.

Harusi ni Desemba, na walima utafanyika Lamu. Mzee amesema lazima aje mwenyewe, hajawahi kuona bahari. Atashuka gatini pale pale, na mji mzima unanijua ninavyoruka kwenye vyombo. Nilimwambia Ami tumweleze mapema, kwa simu, kwa ustaarabu, tumlaumu fundi. Ami akasema tungoje.

Juzi bwana harusi akaja barazani ameshika simu, rangi imemtoka. Jamaa za mkewe wamefungua kundi la WhatsApp la kunichangia mguu mpya, wa kisasa, unaokunja goti. Shangazi wa bibi harusi ndiye mweka hazina. Mwalimu mkuu wa shule ya pale ameahidi. Kanisa la jirani limeahidi, na sisi Waislamu.

"Ami," nikasema, "hili leo hii tunalisema. Sasa hivi."

Ami akavua kofia, akaipangusa, akairudisha kichwani.

"Mwanangu, haraka ya nini?" akasema. "Waulize kwanza wamefika ngapi."