Kanga ndani ya gari la zimamoto

Usiku ule Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nilisema uongo. Moto ulianzia jikoni, nyuma ya nyumba, na moshi ulikuwa umeshaijaza ngazi. Nikamkuta mama wa makamo amesimama hatua sita tu kutoka mlangoni, hataki kushuka. Alikuwa na gauni la kulalia na kichwa wazi. Akawa anasema neno moja tu: "Mtandio. Nipeni mtandio wangu."

Nikampigia kelele: "Bi mkubwa, toka! Hapana anayekutazama!"

Nyuma yangu uchochoro mzima umejaa watu, mikono juu, simu zinawaka taa. Yule mama aliziona vizuri kuliko mimi, maana yeye alikuwa anaelekea mlangoni na mimi nimeupa mlango mgongo. Akarudi hatua moja juu, kwenye moshi.

Anayeujua Mji Mkongwe ataelewa maana ya hatua ile. Vichochoro vyetu ni vyembamba, gari letu haliingii. Tunaliacha barabarani na kuivuta mipira ya maji kwa mikono, kona baada ya kona. Nyumba zenyewe ni za mawe na chokaa, lakini dari zimebebwa na boriti zilizokauka miaka na miaka, na moto ukishazishika boriti, ghorofa hushuka bila ya kupiga hodi. Nikavua jaketi langu la kazi, kinyume na tulivyofunzwa, nikamrushia. Akajifunika kichwa na mabega, akashuka mbio na kunipita hata kabla sijamshika mkono.

Kwa muda mrefu nilikihadithia kisa hiki kwa wenzangu kama mfano wa ukaidi wa watu. Leo nakiona vingine, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtoto wa Pemba, upande wa Micheweni, na mamaangu alikuwa muosha maiti. Akija mtu usiku kubisha, mimi ndiye niliyembebea ndoo na taa. Nilikuwa nasimama nje ya pazia, natia maji kwenye ndoo naisukuma ndani, basi. Ndani siruhusiwi kuchungulia. Ila sauti yake naisikia, anawaambia wenziwe taratibu: "Funika. Funika kwanza, ndiyo umwage." Maiti kwetu huoshwa chini ya nguo. Mkono wa muosha hupita chini ya shuka, umevikwa kitambaa, na alichokiona muosha mwilini mwa maiti hakitoki nje ya lile pazia. Mama ameosha watu wa kijiji chetu miaka zaidi ya thelathini, na sijapata kumsikia akisema fulani alikuwa na hiki wala kile.

Nilipoingia kazini mwaka 2007 na kuvaa sare, nilidhani nimeiacha kazi ya mama mbali sana. Yeye wa ndoo na pazia, mimi wa king'ora na helmeti.

Septemba 2011 ndiyo iliyonirudisha. Meli ya Spice Islander iliondoka Unguja usiku kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi, watu wanarudi makwao na mizigo yao. Ilikuwa ni meli ya abiria mia sita na ushei, na waliopanda walizidi idadi hiyo mara kadhaa. Baada ya saa sita za usiku ikazama katika mkondo wa Nungwi. Wavuvi walitoka na ngalawa na mashua kuokoa, na wako waliosalimika kwa kushikilia godoro mpaka kulipokucha. Miili iliyopatikana ilikuwa kiasi ya mia mbili. Waliobaki baharini walipindukia elfu moja, na hao hawana kaburi mpaka leo.

Mimi nilipangiwa Maisara, kwenye uwanja ulioletwa miili ili jamaa waje kutambua. Sitaki kuisimulia siku ile yote, na hata nikitaka siwezi. Nitasema moja. Alikuja mzee wa kwetu Pemba, namjua kwa lafudhi tu, anatafuta binti yake. Tukafunua shuka upande wa uso, akasema siye. Tukenda wa pili, siye. Wa tatu upepo wa kusi ukalipandisha shuka miguuni, na kabla sijainama yeye ameshapiga magoti, amelivuta, ameliwekea kijiwe. Hata huyo hakuwa binti yake. Akaniambia, "Huyu naye ana babaake." Halafu akainuka, tukaendelea.

Nilikuwa nimezoea kuulizwa swali lile tunaloulizana sana visiwani: wewe mtu wa wapi? Muunguja au Mpemba, wa mjini au wa shamba, wa ukoo gani. Nami nilikuwa na jibu langu tayari, lenye fahari kidogo. Pale Maisara sikumsikia mtu akiliuliza. Tangu siku ile nikiulizwa natamani kujibu kwamba mimi ni mtoto wa muosha maiti, na hayo mengine yafuate.

Sasa nije kwenye simu, maana hili linaniuma. Tunafika kwenye ajali, bodaboda imegongana na daladala, kijana yuko chini, suruali imechanika, damu inatoka pajani. Wamemzunguka watu thelathini, na asiyempiga picha anamtazama kupitia simu ya mwenziwe. Kabla hatujampakia kwenye machela, video imeshafika kwa mamaake. Namjua mama aliyejua msiba wa mwanawe kwa njia hiyo, kwenye kundi la harusi, baina ya picha za sare na michango.

Watu hawa siwezi kusema hawana imani. Wengi wao ndio hao hao watakaobeba jeneza na kutoa sadaka. Chuoni, tulikosoma Kurani, sote tulisomeshwa kuwa mwenye kumsitiri nduguye naye husitiriwa duniani na akhera. Naona tumekubali, bila ya kukaa tukaafikiana, kwamba stara ni haki ya maiti na bibi harusi, na aliyelala barabarani akiwa hai hana sehemu yake. Hilo silikubali. Maiti hafi mara ya pili kwa aibu. Aliye hai anaweza kufa kwa aibu, na mimi nimekaribia kumshuhudia, pale kwenye ngazi Mkunazini.

Ndiyo maana nasema stara ni kifaa cha uokozi. Anayejua kuwa nje atafunikwa, hutoka upesi. Anayejua kuwa nje anasubiriwa na simu thelathini, husita. Na jambo lenyewe halina gharama. Kanga moja, wanawake wanne wanashika pembe zake, migongo wamempa majeruhi, tayari ni chumba, nasi tunakata nguo na kufunga jeraha ndani yake kwa utulivu. Ikiwa damu inatoka, kanga ya pili ikunjwe iwekwe juu ya jeraha na kukandamizwa kwa nguvu, isiondolewe ondolewe kuchungulia. Majeruhi asinyanyuliwe na kutiwa kwenye gari la kwanza linalopita, maana shingo au uti wa mgongo ukiwa umeumia, mtikiso ule huweza kumpoozesha. Mtu mwenye simu mkononi aitumie kutuita na kutuelekeza njia. Kwa wenzangu wa kazi nasema hivi: kama mtungi wa hewa ya kupumulia haukosekani garini, na nguo ya kumfunika mtu isikosekane.

Siku ya tatu baada ya moto ule, kijana alikuja kituoni na mfuko. Ndani mlikuwa na jaketi langu. Lilikuwa limefuliwa, masizi yametoka kadiri yalivyoweza kutoka, na limefukizwa udi, jaketi zito la zimamoto linanukia kama nguo ya Idi. Katikati yake imekunjwa kanga, doti nzima, mpya, haijakatwa. Kijana akasema tu, "Mama anakusalimu." Nilimuuliza hali yake, akasema kifua kinatulia. Nikakosa la kumtuma zaidi ya salamu.

Doti ile niliikata mwenyewe, nikaipinda, nikaitia chini ya kiti changu garini. Kanga ya kwanza ilitumika barabara ya Fuoni mwezi uliofuata, ikaondoka na majeruhi kwenye gari la wagonjwa na haikurudi. Ya pili ninayo bado. Imeshafuliwa mara nyingi mpaka jina lake halisomeki.