Mbegu moja au kila siku mbegu mpya? Ubishi wa namba za bahati nasibu kwenye simulesheni ya mafuta

Mpwa wangu yupo mwaka wa mwisho chuo, likizo hii kaja kwangu Ngamiani, Tanga na laptopu yake anafanya simulesheni, yani kuigiza kwa kompyuta, ya mafuta kumwagika baharini pale Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta la kutoka Hoima Uganda. Hakuna mafuta yaliyomwagika jamani msianze kushea, ni mfano tu. Anaachia chembe elfu 10 kwenye ramani, kila chembe unaichukulia kama tone, mkondo na upepo unaibeba, halafu kila dakika 10 inapigwa kikumbo kidogo cha kubahatisha maana maji hayaendi yamenyooka kama reli. Hicho kikumbo kinatoka kwenye namba za bahati nasibu, na ndo kilicholeta maneno barazani.

Yeye msimamo wake mbegu iwe moja siku zote, yani ile namba ya kuanzia ambayo programu inaitumia kuzalisha zingine zote, kaweka 42 kamaliza. "Mjomba, mtu akirudia kesho si anatakiwa apate kilekile?" Jamaa yangu fundi kompyuta hataki kusikia, anasema namba unayoweza kuijua kabla haijatoka sio bahati nasibu, hiyo ni karata umeshazipanga unajifanya unachanga. Yeye anataka bahati ya kweli, prosesa za Intel toka 2012 zina amri inaitwa RDRAND inachota kelele za umeme humohumo ndani ya chipu.

Na historia inambeba fundi kwa kweli. Chukua kalkuleta ya simu ujaribu njia ya mwanahisabati John von Neumann ya miaka ya 1940: unachukua namba ya tarakimu 4, unaizidisha kwa yenyewe, unabeba tarakimu 4 za katikati, ndo namba yako mpya. Anza na 3792. Inakuja 14379264, katikati kuna nini? 3792. Umeganda hapo mpaka kiama. Baadaye wakaja kampuni ya kompyuta IBM na kizalishi chao RANDU, yani programu ya kuzalisha namba hizo, miaka ya 1960 ilitumika kila mahali, kumbe ukichukua namba zake tatutatu ukazichora kama nukta ndani ya boksi, zote zinalala kwenye karatasi 15 tu, boksi lililobaki tupu. Sasa hebu fikiria chembe zako zinasukumwa na kitu kama hicho. Tena mwaka 1992 wanafizikia Ferrenberg, Landau na Wong walionyesha kizalishi kilichokuwa kinasifiwa kuwa kizuri kikitoa majibu ya uongo kwenye simulesheni ya sumaku, wakati cha kizamani kilichodharauliwa kikapata jibu sahihi. Kwa hiyo kusema "hiki kimefaulu majaribio" peke yake haitoshi, inategemea unakitumia wapi.

Ila mi nilikuwa nimekaa pale siku chembe moja ilipotokea nchi kavu, katikati ya mji kabisa, tone la mafuta linatembea mtaani! Dogo akarudisha programu na 42 ileile, chembe ikapita njia ileile, akaisimamisha hatua moja kabla haijapanda ufukweni akakuta alama ya kutoa kaweka ya kujumlisha kwenye mstari wa pwani. Dakika 20 imekwisha. Kwa RDRAND ile chembe usingeiona tena, ungebaki unasimulia tu kama mtu aliyeona jini. Hata taasisi ya utafiti ya RAND kule Marekani walipopata bahati ya kweli kwa mtambo wa elektroniki, 1955 wakaichapisha kitabu kizima, tarakimu milioni 1, yani waliyonayo ya kweli bado wakaiandika chini, na mwenye kitabu anarudia hesabu yake akitaka.

Hapo nilikuwa upande wa mpwa moja kwa moja. Kikaja kisa cha umeme. Laptopu yake betri imekufa, umeme ukikatika nayo inazima, kwa hiyo programu inahifadhi kila siku moja ya baharini ikiisha na akiwasha inaendelea ilipoishia. Siku 9 za mafuta zikapita kwa vipande 9. Kumbe kila ikiwashwa inasoma 42 upya! Kila chembe inapigwa vikumbo vilevile vya jana na juzi kwa mpangilio uleule. Kwa hesabu yake siku 1 doa linasambaa kama kilomita 1.3. Siku 9 zenye vikumbo tofauti linafika mara 3 tu ya hapo, kama 3.9, kwa sababu kimoja kinapeleka kingine kinarudisha. Vikumbo vikijirudia hakuna kurudishana, kila chembe inakazana na njia yake, unapata mara 9, karibu kilomita 12. Ramani ilikuwa nzuri ya kutisha na ilikuwa uongo. Watu wa simulesheni za molekuli waliandika kasoro ya namna hii 2009, kwa hiyo sio ushamba wa Tanga.

Basi mi nikaona wote wawili wanagombania kitu sicho. Shida haikuwa 42, shida ni kizalishi chenye kumbukumbu ambayo umeme unaipoteza. Toka 2011 kuna vya aina ya Philox, havikumbuki chochote, unakipa mbegu, namba ya chembe na namba ya hatua kinakutolea kikumbo, uzime uwashe mara mia chembe ya 808 hatua ya 3,417 inapigwa kilekile na hatua inayofuata inapigwa kingine. Halafu mbegu ziwe nyingi, zote zimeandikwa, maana mbegu moja inakupa bahari moja tu na hujui nyingine ingesemaje. RDRAND sikatai, ikuchagulie mbegu mara moja uandike, basi.

Dogo kabadilisha, sa hivi anakimbiza mbegu 30, kila moja dakika 40, LUKU nanunua mimi. Fundi kapita jana kauliza kazichaguaje, akaambiwa 1 mpaka 30, akacheka sana. Kwenye vizalishi vya zamani angekuwa na haki ya kucheka, mbegu zinazofuatana zilikuwa zinazaa namba zinazofanana, ila Philox imetengenezwa hata 1 na 2 zisijuane. Hajakubali bado, kasema atakuja na kalkuleta.