Biti Nne Ndani ya Seli Moja: SSD za QLC Zinalaumiwa kwa Haki?

Fungua diski ya SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya inchi 2.5 na utakuta kasha karibu tupu: kibao kifupi cha saketi, kidhibiti, chipu chache za kumbukumbu ya NAND zinazohifadhi data hata umeme ukikatika, na mara nyingi chipu ya DRAM, kumbukumbu ya muda ya kidhibiti. Wanunuzi wanabishana zaidi kuhusu hizo NAND. Aina ya TLC hubeba biti tatu katika kila seli, yaani chembe ndogo ya kuhifadhia data; aina ya QLC hubeba nne.

Seli hunasa chaji ya umeme, na kidhibiti huisoma kwa kupima volteji. Biti tatu zinataka viwango 8 vya volteji. Nne zinataka 16, ndani ya upana ule ule. Kuandika kunakuwa kwa taratibu zaidi, na seli ikichakaa kidogo tu viwango huanza kuingiliana.

Wapinzani wa QLC hutanguliza uchakavu. Chukua Samsung mbili za terabaiti 1, zote za kiunganishi cha SATA na zote zina DRAM: 870 EVO ya TLC imepewa dhamana ya kuandikiwa terabaiti 600, 870 QVO ya QLC 360. Pengo ni kubwa. Hata hivyo, anayeandika gigabaiti 30 kila siku hufikisha terabaiti 11 hivi kwa mwaka, na angehitaji zaidi ya miaka 30 kuzimaliza hizo 360. Kwa mtumiaji wa kawaida, hoja hii naiona nyepesi.

Nzito ni ya kasi. Ili kuficha ucheleweshaji wa QLC, kidhibiti hutenga baadhi ya seli kama akiba ya muda na kuziandikia biti moja moja, kisha data hiyo hupangwa upya diski ikipumzika. Kwenye QVO ya terabaiti 1, akiba hiyo hufika gigabaiti 42. Ikijaa, kasi ya kuandika huporomoka kutoka megabaiti 530 kwa sekunde hadi 80, kiwango ambacho diski nyingi za sahani zinazozunguka hukipita. Mhariri wa video anayehamisha gigabaiti 200 kwa mkupuo atasubiri zaidi ya nusu saa kwa kazi ambayo EVO ingeimaliza kwa dakika sita au saba. Tena sehemu kubwa ya akiba hutegemea nafasi iliyo wazi, kwa hiyo diski iliyokaribia kujaa hukwama mapema zaidi.

Upande wa pili nao una haki yake. Kompyuta nyingi husoma kuliko zinavyoandika, na katika kusoma QLC hutofautiana kidogo tu na TLC. Kwa maktaba ya picha, michezo au nyaraka, terabaiti nyingi kwa bei nafuu ni faida ya kweli, na mimi ningeinunua bila wasiwasi.

Ninachokipinga ni usiri. SSD ya Crucial P2 ilitoka na TLC, kisha mwaka 2021 ikagunduliwa kuwa inauzwa na QLC kwa jina lile lile. Mwaka huo huo Western Digital ililalamikiwa kwa kubadilisha NAND ya SSD yake ya SN550, ikaahidi kutoa namba mpya ya modeli kila badiliko litakapogusa vipimo vilivyochapishwa. Samsung huchapisha kasi ya baada ya akiba kujaa, na inastahili sifa kwa hilo. Kampuni nyingi hazifanyi hivyo, na kipimo kisichochapishwa hakiguswi na ahadi ya namna hiyo.